Tupeni Mita 400 za Kujaribu: Barua ya Wazi kutoka Moshi

Kwa Meneja wa TARURA na Meneja wa TANROADS, Mkoa wa Kilimanjaro. Kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Moshi. Na kwa wakubwa wenye dhamana ya barabara Wizara ya Ujenzi na TAMISEMI, Dodoma.

Waheshimiwa,

Shikamooni ninyi mlionizidi umri. Kwa wengine, ambao baadhi yenu niliwapokea maabara mkiwa vijana wa mafunzo kwa vitendo, habari za kazi, wanangu.

Kwa miaka 29 kazi yangu ilikuwa kuchoma lami kwa sindano. Sampuli inamiminwa kwenye kikopo, inatulizwa ndani ya maji ya nyuzijoto 25, halafu sindano iliyobebeshwa gramu 100 inaachiwa kwa sekunde 5. Unasoma imezama kiasi gani, kwa sehemu za kumi za milimita. Ikizama kati ya 60 na 70, hiyo ni lami ya 60/70. Ikizama kati ya 80 na 100, ni ya 80/100. Kipimo hicho kidogo ndicho kinachoamua mzigo wa mapipa upokelewe au urudishwe ulikotoka. Nimekifanya mara nyingi kiasi kwamba hata leo nikiona kikopo cheusi mkono unatafuta saa.

Nawaandikia kuhusu kilichomo ndani ya kikopo kile, na kuhusu taka na mabaki ya mashamba yanayoweza kutupunguzia kukiagiza nje.

Lami yetu haitoki kwetu. Ni masalia ya mafuta ghafi, ule uzito unaobaki chini ya mtambo baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni, Dar es Salaam, kilikuwa kikisafisha mafuta ghafi. Leo ni matangi ya kuhifadhia mafuta. Kwa hiyo kila pipa la lami linalopashwa moto huku chini ya mlima limevuka bahari na limelipiwa kwa fedha za kigeni. Mafuta yakipanda bei duniani, barabara iliyopangwa kilomita 2 inaishia kilomita moja na nusu, na wananchi wa ile nusu iliyobaki wanaambiwa wasubiri awamu ijayo. Mnalijua hili kuliko mimi.

Na jambo linaloniuma zaidi ni udogo wa kitu chenyewe. Katika kila kilo 100 za lami nzito, yaani ule mchanganyiko wa moto unaotandazwa na kushindiliwa barabarani, karibu 95 ni kokoto, mchanga na vumbi la jiwe. Hizo tunazo, tunazipasua wenyewe hapahapa. Kilo 5 tu ndizo lami. Tunafungwa na zile 5.

Mwananchi akisikia kuna watu wanajenga barabara kwa taka au kwa miti, anadhani ni maneno ya kwenye simu. Ninyi ni watu wa fani, kwa hiyo nitataja yale ninayoyasimamia.

India kuna mwalimu wa kemia, Profesa Rajagopalan Vasudevan, wa chuo cha uhandisi cha Thiagarajar mjini Madurai. Alichofanya ni rahisi kueleza. Plastiki laini inakatwakatwa iwe vipande vidogo, tuseme kama punje za ulezi au kubwa kidogo. Kokoto zinapashwa moto mpaka nyuzijoto 160 au 170, kama mnavyozipasha siku zote. Plastiki inanyunyizwa juu ya kokoto kabla ya lami kuingia. Inayeyuka papo hapo na kulivika kila jiwe ngozi nyembamba. Ndipo lami inamwagwa, na kwa kuwa ngozi ile na lami ni ndugu, zinashikana. Lami inayohitajika inapungua, kwa kawaida karibu sehemu moja ya kumi. Alianzia kwenye njia ya ndani ya chuo chake. Novemba 2015 serikali ya India iliagiza plastiki taka itumike kwenye barabara za lami zilizo karibu na miji yake mikubwa, na mwaka 2018 mwalimu yule akatunukiwa nishani ya taifa ya Padma Shri. Afrika Kusini nao walijaribu barabara ya plastiki pale Jeffreys Bay mwaka 2019.

Naomba mnivumilie nikae kidogo kwenye hilo jiwe lililovikwa ngozi, kwa sababu ndipo Moshi inapoingia.

Miaka ya nyuma, katika wilaya ambayo sitaitaja, nilitumwa kuchukua sampuli kwenye barabara ya lami nyepesi, ile inayonyunyizwa chini na kumwagiwa kokoto juu, iliyokuwa imebanduka baada ya masika ya pili tu. Nilichota kokoto kwa mkono kutoka kwenye shimo. Zilikuwa safi. Hazikuwa na doa la lami, kana kwamba hazijawahi kukutana nayo. Watu waliokuwa wamesimama pale walisema lami ilichakachuliwa. Niliipima: ilikuwa lami nzuri tu. Maji ndiyo yaliyoibandua. Jiwe kwa tabia yake hupenda maji kuliko lami, na likipata nafasi huiachia lami na kuyapokea maji. Mkandarasi alilaumiwa, akaziba viraka, vikabanduka navyo. Bibi mmoja aliyekuwa na kibanda cha ndizi kando ya barabara ile aliniuliza, "Mwanangu, hiyo lami mliibandika kwa gundi gani?" Sikuwa na jibu la kumpa, na swali lake sijalisahau.

Jiwe letu la Kilimanjaro lina tabia nyingine tena. Ni jiwe la volkano, na mengi ya mawe hayo yana matundu. Jiwe la matundu linakunywa lami: unapima asilimia 5, inayobaki nje kushikilia jiwe na mwenzake ni pungufu ya hapo. Ngozi ya plastiki inaziba matundu kabla lami haijafika, na inayazuia maji kulifikia jiwe. Ndiyo maana nasema teknolojia hii, kama ina mahali popote pa kujaribiwa Tanzania, ni huku kwenye mawe ya matundu.

Sasa niseme na ubaya wake, maana nisipousema mimi atausema mwingine kwa nia mbaya.

Kwanza, plastiki nayo ni mtoto wa mafuta ghafi. Hatujayakimbia mafuta. Tunatumia mafuta ambayo tayari yamelipiwa, yamebeba mkate mara moja, na sasa yamelala mtaroni. Pili, si kila plastiki inafaa. Chupa za maji za kawaida huyeyuka karibu nyuzijoto 250. Kwenye kokoto za 170 zitabaki vipande tu, na hazitavika kitu. Mabomba na maganda ya nyaya za umeme yametengenezwa kwa PVC. Hayo yakipata moto hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu ya vijana wanaosimama juu ya mtambo. Yasikaribie kabisa. Zinazofaa ni plastiki laini: mifuko ya vifungashio, nailoni za mizigo ya dukani, vifuniko vya chupa. Tatu, moto ukizidi nyuzijoto 180 tunaanza kuiunguza plastiki badala ya kuiyeyusha, na moshi wake si wa kuvuta. Nne, barabara inayosagika itatoa chembe za plastiki, na huku kwetu mtaro huingia kwenye mfereji, na mfereji huingia shambani. Hilo linatakiwa kupimwa. Tano, mtambo wa kuchanganyia kwa moto unahitajika, kwa hiyo njia hii ni ya lami nzito. Barabara nyingi za mitaa yetu zinapata lami nyepesi, na kwa hizo njia ya India haifai kama ilivyo.

Mtaniuliza plastiki laini itatoka wapi, maana mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Nilifurahi siku ile, na bado nafurahi. Lakini nendeni dampo la Kaloleni, au piteni soko la Mbuyuni jioni wauzaji wanapofunga, mtazame chini. Mifuko ya kubebea imepungua kweli. Nailoni za kufungia bidhaa, za mikate, za biskuti, za sabuni, zote zipo. Na hizo ndizo ambazo kina mama na vijana wanaookota taka hawazigusi, kwa sababu hazina mnunuzi. Ndoo na madumu yana bei. Chupa zina bei. Nailoni laini inachomwa, au inasubiri mvua iipeleke kwenye kalavati. Mji wetu umesifiwa kwa usafi kwa miaka mingi na ninajivunia hilo. Nailoni ile ndiyo inayotuangusha nyuma ya nyumba.

Hesabu yake si kubwa. Mita 300 za barabara, upana mita 6, unene sentimita 5: mita za ujazo 90. Ikishindiliwa vizuri, mita moja ya ujazo ina uzito wa kama tani 2.4, kwa hiyo ni takribani tani 216 za mchanganyiko. Asilimia 5 yake, tani 10.8, ni lami. Tukiondoa sehemu moja ya kumi ya lami hiyo na kuweka plastiki, tunahitaji plastiki kiasi cha tani moja. Tani moja haitaisafisha Moshi, na sitaki mtu asimame jukwaani aseme itaisafisha. Lakini ni tani moja ya nailoni iliyopata mnunuzi, na ni tani moja ya lami ambayo haikuvuka bahari.

Kuna upande wa mimea, ambao watu wetu wanaupenda zaidi kuusikia, na ambao mimi nauwekea tahadhari zaidi.

Mgomba ukipigwa na upepo mkali unalala. Mti wa mbao hausumbuki. Tofauti mojawapo ni lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi ndani ya mti. Mti wa mbao unayo kwa wingi, mgomba unayo kidogo. Viwanda vya karatasi vinaitoa lignini ili vibaki na nyuzi, na kwa kawaida vinaichoma kama kuni. Uholanzi wameichanganya na lami mpaka ikachukua nusu ya nafasi ya lami ya mafuta, na kipande cha kwanza waliweka jimbo la Zeeland mwaka 2015. Marekani, mjini Des Moines, waliweka lami yenye mafuta yaliyotolewa kwenye mabaki ya mimea ndani yake kwenye njia ya baiskeli mwaka 2010. Hayo ni mambo mazuri. Lakini Kilimanjaro haina kiwanda cha karatasi, na kuagiza lignini kutoka nje ili tuache kuagiza lami kutoka nje ni kubadilisha mzigo bega. Hilo nawaachia wa Dodoma: viwanda vya karatasi vya nyanda za juu kusini mnavijua ninyi. Na mkiwa mnalitazama hilo, tazameni na maganda ya korosho. Mafuta yake yana kemikali za jamii inayoweza kusaidia lami kushika jiwe, watafiti wameyajaribu, na sisi tunapakia korosho ghafi melini pamoja na maganda yake.

Tulivyonavyo hapa ni vingine. Tuna pumba za mpunga.

Teremkeni Mabogini na Chekereni baada ya mavuno, kwenye skimu ya Lower Moshi iliyojengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani. Kila mashine ya kukoboa ina kilima chake cha pumba. Kidogo kinaenda kwa wachoma matofali, kingine kinachomwa ovyo. Katika kilo 100 za mpunga, kama kilo 20 ni pumba, na pumba hizo zikichomwa zinaacha kama kilo 4 za majivu. Majivu hayo kwa sehemu kubwa ni silika. Yakikutana na chokaa na maji, yanaganda na kuwa kitu kinachokaribia saruji.

Na hapohapo Mabogini chini ya miguu yenu kuna udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Masika unavimba na kunasa kila kitu, hata trekta. Barabara ikiwekwa juu yake inapinda kabla lami haijazeeka. Dawa iliyozoeleka ni kuchimba, kuutupa, na kuleta moramu kutoka mbali, safari kwa safari za fuso, na kila fuso linakunywa dizeli. Majivu ya pumba na chokaa yanaweza kuutuliza udongo huo pale ulipo. Sisemi kwa kubahatisha. Ni jambo lililopimwa katika nchi nyingi zinazolima mpunga. Sharti lake ni moto. Pumba zikichomwa kwa moto mkali mno silika inageuka fuwele na inakuwa mvivu, haishikani na chokaa. Moto wa wastani, chini ya nyuzijoto 700 hivi, ndio unaotoa majivu yenye kazi. Kijana wa mashine ya kukoboa anaweza kufundishwa hilo kwa tanuri la matofali na kipimajoto.

Mtasema, hiyo si lami mbadala. Ni kweli. Lakini barabara inabebwa na tumbo lake, tabaka za chini, kuliko ngozi yake ya lami. Tumbo likiwa imara, ngozi inaweza kuwa nyembamba, na ngozi ndiyo tunayoiagiza nje. Katika maisha yangu yote ya kazi nimeona viongozi wakikagua ngozi, wakipiga picha na ngozi, wakifungua utepe juu ya ngozi. Siku ya kukagua tumbo tulikuwa sisi wa maabara na mashine yetu.

Halafu molasi. Kiwanda cha sukari cha TPC kiko kusini mwetu, si mbali, na molasi ni kile kizito cheusi kinachobaki baada ya sukari kutolewa. Ukikiona kwenye ndoo utadhani ni lami kweli. Mashamba ya miwa ya nchi mbalimbali humwagia barabara zao za ndani molasi iliyochanganywa na maji ili kulaza vumbi. Inashika chembe, inavuta unyevu wa hewa, na kiangazi chote watoto wa shule wanapita bila kukohoa. Mvua ikija inayeyuka, kwa hiyo si ya kudumu, na isimwagwe karibu na mto wala mfereji: ikifika majini huvuta hewa yote na samaki wanakufa. Aidha molasi ina wanunuzi wake, wafugaji na watengeneza spiriti. Naitaja kwa sababu barabara nyingi za wilaya nchi hii ni za udongo na changarawe, na TARURA peke yake inabeba zaidi ya kilomita 100,000. Nyingi ya hizo hazitaona lami katika umri wangu. Wanaokaa kando yake wana haki ya kupumua.

Matairi mabovu na mafuta yaliyokaangia chipsi nayapitia haraka. Mpira wa tairi uliosagwa ukichanganywa na lami huifanya inyumbuke na istahimili nyufa. Mhandisi Charles McDonald wa jiji la Phoenix, Marekani, aliuanzisha miaka ya 1960 kwenye viraka, na Afrika Kusini wameutumia miaka mingi. Sisi matairi yetu tunayageuza katambuga, na mashine ya kuyasaga hadi unga ni ghali, lisubiri. Mafuta ya mimea yaliyotumika yanaweza kulainisha lami kuukuu iliyokakamaa ili ichanganywe upya. Mnapokwangua barabara ya zamani, yale mabonge msiyamwage kwenye makorongo kama kifusi. Mle ndani kuna lami mliyokwisha kuilipia.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike barua ya wazi badala ya kuwapigia simu.

Nimeyazungumza haya na wakandarasi wadogo, na vijana wahandisi, na hata na mwalimu mmoja wa chuo. Hakuna aliyenipinga. Kila mmoja alinionyesha mlango uliofungwa mbele yake. Mkandarasi anasema: mkataba unanitaka niweke lami ya kiwango fulani, nikiongeza nailoni na barabara ikapata ufa ndani ya kipindi cha uangalizi, hata kama ufa umesababishwa na mtaro ulioziba, nitairudia kwa fedha yangu. Mhandisi anasema: mwongozo wa Wizara wa mwaka 1999 wa usanifu wa tabaka na vifaa vya barabara ndio ninaoapa nao, siwezi kusaini kisichokuwamo. Mwalimu anasema: wanafunzi wangu wamepima mchanganyiko huu maabara, matokeo ni mazuri, lakini sina barabara. Muokota taka anasema: nioneshe mnunuzi, kesho nakuletea.

Hakuna mwoga kati yao. Wote wanne wanasubiri funguo, na funguo ziko kwenye meza zenu. Mwongozo wa mwaka 2016 wa barabara zenye magari machache ulishafungua dirisha kwa vifaa vya mahali husika, na niliusoma kwa furaha. Naomba dirisha hilo sasa lipitishe kitu.

Ombi langu ni hili. Chukueni barabara moja ya mjini ambayo tayari imo kwenye bajeti na imepangiwa lami nzito, iwe Pasua, Njoro au Msaranga, chagueni ninyi. Ndani yake tengeni mita 300 za kuweka plastiki kwa njia niliyoieleza. Mita 300 zinazofuata zibaki lami ya kawaida, udongo uleule, mitaro ileile, magari yaleyale, ili tuwe na cha kulinganisha. Kule Mabogini, kwenye udongo mweusi, tengeni mita 100 za kutuliza kwa chokaa na majivu ya pumba. Jumla mita 400 za majaribio. Andikeni ndani ya mkataba kwamba kipande cha majaribio kikiharibika, hasara si ya mkandarasi. Maneno hayo machache kwenye mkataba yana thamani kuliko semina kumi.

Vipimo vifanywe na Chuo cha Ufundi Arusha, au Taasisi ya Nelson Mandela, wote wako mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka hapa. Kila miezi 3 wapime kina cha michirizi ya magurudumu, wahesabu nyufa na mashimo, na wachukue maji ya mtaroni wayatafutie chembe za plastiki. Matokeo yabandikwe ofisi ya mtaa, yakiwa mazuri au mabaya, kwa Kiswahili. Wakazi ndio watakaoishi nayo.

Na plastiki inunuliwe kwa kilo, fedha taslimu, kutoka kwa wanaoiokota leo. Nasisitiza hili. Nimeishi vya kutosha kuona taka ikipata thamani asubuhi, na jioni imeshapata mwenye gari na kibali, na mama aliyekuwa akiiokota akifukuzwa na mlinzi. Wale kina mama wawe na kikundi chao, wapewe glavu, wafundishwe kutenganisha PVC, na bei ibandikwe ukutani.

Kitu kimoja zaidi, na hiki hakihitaji teknolojia ya mtu yeyote. Chimbeni mitaro kwanza. Plastiki, lignini, lami ya 60/70 iliyopita vipimo vyangu vyote, hakuna hata moja itakayosimama ndani ya maji yaliyotuama. Kipande cha majaribio kikijengwa bila mtaro, kitakufa masika ya kwanza, na watu watasema plastiki haifai.

Wakati mzuri wa kuweka lami ni Januari na Februari, jua likiwa kali, kabla masika haijashuka mwezi Machi. Daftari zangu za vipimo vya mawe ya mkoa huu ninazo, zimeandikwa kwa mkono, zinaonyesha jiwe la machimbo yapi linakunywa lami kiasi gani. Nitawapa bila malipo. Na siku mtambo utakapowashwa, kama mtaniruhusu, nitakuja kusimama pale na kipimajoto changu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi sanifu mstaafu wa maabara ya barabara
Moshi